Hedifoni ya kazini isichaguliwe kwa mdundo

Na Daktari Wetu

ZAMANI mtu aliyeshinda na hedifoni kichwani kutwa nzima alikuwa mtangazaji wa redio, rubani wa ndege, au mkalimani katika mikutano ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, vijana wengi wa nchi hii wamepata riziki kwa kupokea simu za wateja, kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa na kufundisha kwa njia ya kompyuta watu walio ng'ambo.

Kisha Covid-19 ikaingia nchini Machi 2020, na hata karani na mhasibu ambao hawakuwahi kuvaa kifaa hicho wakajikuta mkutanoni kwenye meza ya chakula, mtoto akilia upande mmoja na fundi wa jirani akipiga misumari upande wa pili. Wengi waliorudi ofisini walirudi na tabia hiyo.

Ndiyo sababu swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu dawa. "Daktari, ninunue hedifoni gani ya kazini ambayo haitaniumiza na haitamaliza mshahara?" Wanaouliza hutarajia nitaje jina la kampuni. Sitaji, kwa sababu kampuni huleta aina nzuri na mbovu chini ya jina lilo hilo moja, na kwa sababu hedifoni inayomfaa mtu mwenye kichwa kidogo na miwani haimfai mwenye kichwa kikubwa na nywele za kusukwa.

Ninachowaambia ni hiki: hedifoni ya kazini iliyo bora ni ile inayokuwezesha kusikia vyema ukiwa umepunguza sauti, na ambayo ukifika saa kumi jioni huna haja ya kujisugua kichwa. Sifa hizo hazihitaji fedha nyingi. Mdundo mzito wa muziki, taa zinazomulika na jina la mchezaji mpira kwenye pakiti ndivyo vinavyopandisha bei, na hakuna hata kimoja kinacholifaa sikio lako.

Yafaa kwanza tueleze ni nini hasa kinachoharibika. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Binadamu huzaliwa nazo na haongezewi nyingine. Kuku akiharibikiwa na chembe zake huotesha mpya. Jambo hilo lilithibitishwa na wanasayansi katika miaka ya 1980. Wewe na mimi hatukujaliwa bahati ya kuku.

Uharibifu huo huja polepole, bila maumivu. Kwanza hutoweka sauti nyembamba, kama vile herufi S na F katika maneno, na mtu huanza kulalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya. Baadaye hushindwa kufuata mazungumzo mahali penye watu wengi. Wengine husikia mlio kama wa nyenje usiku kucha. Kwa hali hii hatuna dawa ya kurudisha kilichopotea, tuna vifaa vya kusaidia kusikia tu, na bei yake huwatoa machozi wengi.

Hesabu ya sauti huenda hivi. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya ya kazini nchini Marekani wanapendekeza mfanyakazi asipate zaidi ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda upunguzwe kwa nusu: desibeli 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, na kadhalika. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Simu nyingi za mkononi zikifunguliwa hadi mwisho hufika hapo, na baadhi hupita.

Shirika la Afya Duniani kwa upande wake, kuhusu vifaa hivi vya kusikilizia, linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Hebu tafakari juu ya saa 40 hizo. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo wiki nzima ya kazi. Aliyetumia fungu lake lote ofisini hajabakiza chochote cha matatu ya kurudi nyumbani, cha arusi ya Jumamosi wala cha mpira wa jioni. Sikio huweka hesabu moja tu. Halitengi daftari la kazi na daftari la starehe.

Je, ni nini humfanya mtu aongeze sauti? Aghalabu si kwamba hasikii. Ni kelele zinazomzunguka. Mwenzake wa kulia anajibu simu, wa kushoto anacheka, jenereta inanguruma nje, na hedifoni aliyovaa imekaa upande kama kofia ya kuazima. Kelele zinaingia kwenye nafasi iliyobaki, naye anazikabili kwa kidole, akiongeza sauti kidogo, na kidogo tena. Hedifoni inayokaa sawasawa ikalifunika sikio huziba nafasi hiyo, na kidole hakina kazi. Kwa hivyo ninaposisitiza kwamba iwe ya starehe, sizungumzii anasa. Starehe hapa ni kinga.

Madukani utakuta aina tatu. Ziko zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, ambazo vijana huziita iafoni. Ziko zinazokalia juu ya sikio na kulikandamiza. Na ziko zenye mito mikubwa inayolizunguka sikio lote na kutua kwenye mfupa wa kichwa. Kwa mtu anayevaa saa sita au nane kwa siku, mimi huchagua hizi za mwisho bila kusita.

Iafoni si mbaya kwa simu ya dakika kumi. Shida yake ni kukaa sikioni kutwa. Tundu la sikio hujisafisha lenyewe kwa kusukuma nta kuelekea nje, nawe ukiliziba kila siku unairudisha ndani mpaka iwe gumegume. Pia unafungia joto na jasho humo, hali ambayo bakteria na kuvu huipenda sana, hasa Mombasa, Kilifi na kwingineko pwani ambako hewa ina unyevu. Sikio huanza kuwasha. Mwenyewe huchukua njiti ya kiberiti, ufunguo au kifuniko cha kalamu akajikuna, ngozi ikachubuka, na hapo ndipo tunapokutana.

Mwenye ugonjwa wa kisukari asichukulie jambo hili kwa mzaha. Ambukizo la tundu la sikio ambalo kwa mwingine litaisha kwa dawa ya matone, kwake laweza kuingia hadi kwenye mfupa wa fuvu, na matibabu yake yakawa ya wiki nyingi. Mgonjwa wa kisukari mwenye maumivu makali ya sikio yasiyomruhusu kulala asingoje.

Zile zinazokalia juu ya sikio ni nyepesi, na maofisini ndizo nyingi kwa sababu bei yake ni nafuu. Lakini hubana ukingo wa sikio dhidi ya mwamba wa miwani, na baada ya saa mbili kichwa huanza kugonga. Maumivu hayo ya kichwa yanatokana na kubanwa tu na yanatambuliwa katika vitabu vyetu. Huisha muda mfupi baada ya kuvua kilichobana. Nimewaona watu wakimeza vidonge vya maumivu kila alasiri kwa miezi kadhaa, kumbe dawa ilikuwa kulegeza ukanda.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtu anayefanya kazi ya simu hana haja ya hedifoni ya muziki ya Sh20,000. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 pekee. Zilizo chini na juu ya hapo hukatwa kabla hazijakufikia, kwa hivyo kifaa cha ghali kitakuletea sauti ile ile iliyokatwa. Katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi nimeona hedifoni za waya zenye mito ya kuzunguka sikio na maikrofoni kwa kati ya Sh1,500 na Sh3,000, na kwa kazi nyingi zinatosha kabisa. Za waya hazihitaji kuchajiwa, hazikatiki katikati ya mazungumzo, na haziongezi uzito wa betri kichwani.

Za Sh200 zinazouzwa kando ya barabara sizipendi. Mara nyingi upande mmoja hufa kwanza, na badala ya kutupa, mwenyewe huongeza sauti ya upande uliobaki. Sikio moja linafanya kazi ya mawili, na lile jingine liko wazi linapokea kelele zote za ofisini. Ni sababu hiyo hiyo inayonifanya nisipende hedifoni za upande mmoja katika ofisi zenye kelele, hata kama wasimamizi huzipenda ili mfanyakazi aweze kumsikia msimamizi. Ubongo ukipata sauti kwa masikio yote mawili huelewa maneno kwa kiwango cha chini zaidi.

Kuna neno moja kwenye pakiti ambalo huwapotosha wengi: kwamba kifaa kinaondoa kelele. Soma vizuri. Mara nyingi kinachozungumziwa ni maikrofoni, yaani mteja aliye upande wa pili hatasikia makelele ya ofisi yako. Wewe utaendelea kuyasikia kama kawaida. Zile zinazoondoa kelele kwa anayevaa ni aina nyingine na huwa ghali zaidi. Hufanya kazi vizuri dhidi ya ngurumo isiyobadilika, kama ya jenereta, feni au ndege. Dhidi ya sauti za watu wanaozungumza haziwezi mengi, na kinachokusaidia hapo ni mito minene iliyofunga vyema. Kabla hujaongeza Sh10,000, jiulize kelele zako ni za jenereta au za binadamu.

Dukani, zivae. Muuzaji akikataa kufungua pakiti, shukuru na uende duka la pili. Luthuli haina upungufu wa maduka. Zivae kwa dakika 15 na usizihesabu kwa macho ya muuzaji anayekuharakisha. Vaa na miwani yako kama unayo. Tikisa kichwa, inama kana kwamba unaokota kalamu, uone kama zinateleza. Sikio lote lapaswa kuingia ndani ya mto bila kukunjwa. Ziinue kwa mkono. Zikiwa zaidi ya gramu 300 shingo itaanza kulalamika kabla ya Jumatano.

Mwanamke aliyesuka nywele nene achague ukanda mpana unaoweza kurefushwa, au ule unaopita nyuma ya shingo. Anayevaa hijabu ataona nafuu akivaa hedifoni nyepesi chini ya mtandio kuliko juu yake, maana kitambaa kikiingia kati ya mto na ngozi huacha nafasi ya kelele kupenya. Mito ya kitambaa hupumua na hufaa mahali penye joto. Ile ya ngozi bandia hufunga vizuri zaidi na hupanguswa kwa urahisi, lakini hutoa jasho. Kwa mtu wa Mombasa asiye na kiyoyozi ningesema kitambaa. Kwa Nairobi, ngozi bandia. Vyovyote iwavyo, uliza kama mito hiyo hubanduka na kama ya akiba inapatikana, kwa sababu huchakaa kabla ya kitu kingine chochote.

Swali hili la mito linanileta kwenye jambo linalonikera kuliko yote.

Alinijia mama mmoja anayefanya kazi ya kupokea simu usiku. Sikio lake la kulia lilikuwa limevimba, na kuligusa tu kulimfanya aruke. Ilikuwa mara ya tatu katika muda wa miezi michache. Nilimuuliza anatumia hedifoni gani.

"Ni za ofisi, Daktari," akasema. "Nikifika zamu ya usiku nazikuta zina joto la mwenzangu."

Nikamuuliza kwa nini asinunue zake. Akajibu kwamba za mtu binafsi haziruhusiwi, ati kompyuta zao hazizitambui. Nilimwandikia dawa ya matone na barua kwa mwajiri wake. Dawa ilifanya kazi. Barua haikujibiwa.

Kushiriki hedifoni ni sawa na kushiriki taulo. Najua baadhi ya wakubwa watasema biashara ni ngumu, na kwamba kumnunulia kila mfanyakazi hedifoni yake ni gharama. Sipingi kuwa ni gharama. Lakini kampuni inayomlipa mtu mshahara kila mwezi ili azungumze na wateja, kisha ikambania kifaa cha Sh2,500 cha kufanyia mazungumzo hayo, inafanana na mkulima anayeajiri vibarua kumi na kununua jembe moja. Na kama kweli haiwezi, basi impe kila mtu mito yake mwenyewe, abandike mwanzo wa zamu na kubandua mwishoni. Mito hiyo ni rahisi kuliko siku moja ya ruhusa ya ugonjwa.

Sheria pia inazungumza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi hapo. Haikusema ni viwandani pekee. Panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Waulize wenzako kama mnayo. Vituo vingi vya simu vina wafanyakazi wengi kuliko hao kwenye chumba kimoja, na ninaowauliza hunitazama kana kwamba nimetaja kamati ya kwenda mwezini.

Kuna vilevile kanuni za kelele kazini za mwaka 2005, zinazokataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele za wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa muda unaopita saa nane katika siku moja. Kwa maoni yangu kiwango hicho ni kikubwa mno, na kanuni zenyewe zinamtaka mwajiri aanze mpango wa kuzuia kelele zikipita desibeli 85. Hata hivyo kanuni hizi huwakumbusha watu mashine za kusaga na kukata vyuma. Maafisa wakizuru ofisi hupima kelele za chumbani, nazo huonekana za wastani, ilhali kelele yenyewe imefichwa ndani ya hedifoni sentimita chache kutoka kwenye kiwambo cha sikio. Wakati umefika wa kupima humo.

Hatari nyingine ya kazi hiyo ni mlio mkali wa ghafla kwenye laini, kama wa faksi au wa mitambo iliyoharibika. Zipo hedifoni zenye kizuizi kinachokata sauti ya namna hiyo kabla haijafika sikioni. Kwa mwajiri anayenunua nyingi kwa pamoja, hiki ndicho kitu cha kumuuliza muuzaji, si rangi.

Wale wanaofanya kazi za jua kali, kama mafundi wa mabati pale Kamukunji, nina neno fupi nao. Hedifoni ya muziki si kinga ya nyundo. Kijana anayefungua muziki ili asisikie mabati anajiongezea kelele juu ya kelele, na hatasikia akiitwa kwamba kitu kinaanguka. Nunua vizibo vya sifongo vya masikioni vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ukishanunua yako, kuna vipimo viwili vya kila siku visivyohitaji daktari. Mwenzako akisimama umbali wa mkono na akakusemesha kwa sauti ya kawaida, je, unajua kwamba anasema? Na je, yeye anaisikia hedifoni yako? Jibu la kwanza likiwa la, au la pili likiwa ndiyo, punguza. Vua kwa dakika tano kila saa, uyaache masikio yapate hewa. Mwisho wa zamu pangusa mito na maikrofoni kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo na uache vikauke. Usivitie ndani ya maji.

Usimimine mafuta ya kupikia wala dawa ya mwenzako sikioni. Sikio linalowasha au kutoa majimaji lionyeshwe kwa daktari, nawe ukae bila hedifoni hadi lipone. Mlio unaobaki asubuhi baada ya usingizi ni sababu ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo ukapimwe usikivu. Ikitokea umeamka na sikio moja limezima ghafla, usingoje mwisho wa mwezi na usidhani ni nta. Hiyo ni dharura, na nafasi ya kuliokoa hupungua kila siku inayopita. Nenda hospitali siku iyo hiyo.